Nati Nne za Injini Mpya

Harufu ya rangi ya kucha hunitoa jasho. Wenzangu huwakumbusha harusi na saluni. Mimi nikiinusa tu, viganja vinalowa na masikio yanaanza kusikiliza injini ambayo haipo. Mwezi uliopita binti anayenisaidia dukani hapa Kalangalala, mjini Geita, alikaa nyuma ya kaunta, mchana ambao wateja walikuwa haba, akafungua kichupa chekundu na kuanza kupaka vidole vyake. Nilimfokea mbele ya wachimbaji wawili waliofuata mkanda wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, tena kwa maneno ambayo hakuyastahili. Binti wa watu akabaki ananikodolea macho, brashi mkononi. Baadaye nilimwomba radhi na kumnunulia soda, lakini sikumweleza sababu. Ningeanzia wapi? Nyinyi nitawaeleza, maana hamnijui na hatutazamani usoni.

Nilikulia Shinyanga, nje kidogo ya mji, kando ya kiwanja kidogo cha ndege cha udongo. Kilikuwa na banda moja la mabati, mlingoti wenye kifuko cha kuonyesha upepo kilichokuwa kimechanika kitambo, na ndege moja. Ndege hiyo ilikuwa mali ya shirika fulani la kanisa lililopeleka madaktari na dawa vijijini, hadi huko mbele ya Geita ambako masika barabara zilikuwa hazipitiki. Baba yangu alikuwa fundi wake. Ilikuwa ya injini moja, mabawa juu, viti vinne, na umri wake ulizidi ule wa Baba mwenyewe. Alipenda kusema kwamba ndiyo maana huiamkia kila asubuhi.

Injini yake ya zamani, ya silinda nne, ilikuwa imechoka. Asubuhi kwenye ubaridi ilipaa vizuri tu. Lakini saa saba mchana, jua la Shinyanga likishaipika hewa, ilikimbia kiwanja kizima ndipo ikajinyanyua kwa kinyongo. Siku moja ilirudi na matawi ya miiba yamenasa kwenye magurudumu. Kapteni Shayo, rubani wetu, aliyatoa moja baada ya jingine huku akipiga mluzi, kisha akamwambia Baba kwa upole, "Fundi, mimi nina watoto watatu." Baada ya hapo shirika likakubali inunuliwe injini kubwa zaidi, ya silinda sita, iliyofumuliwa na kuundwa upya.

Ilikuja kwa lori, ndani ya sanduku la mbao ambalo Mama alilipigia hesabu ya kabati kabla hata halijafunguliwa. Wengi hudhani kubadilisha injini ni kung'oa moja na kupachika nyingine. Ile kubwa ilikuwa nzito, kwa hiyo fremu ya kuibebea ilibadilishwa, pangaboi likabadilishwa, mabomba ya moshi nayo yakabadilishwa. Na kwa kuwa pua sasa ilizidi uzito, betri ikahamishiwa mkiani ili mambo yakae sawa. Ili kuhakikisha, Baba aliazima mizani mitatu ya kununulia pamba, akasimamisha kila gurudumu juu ya mzani wake. Wakulima waliokuwa wanapita na baiskeli walisimama kushangaa ndege ikipimwa uzito, na mmoja akauliza kama imetoka safi au fifi, kama wanavyopangiwa pamba yao. Baba alicheka mpaka akalazimika kupima upya.

Nilikuwa na miaka tisa, na katika kazi hiyo nami nilikuwa na cheo. Kila nati ya injini ikishakazwa sawasawa huchorwa mstari mwekundu unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye kile inachokishika. Nati ikijilegeza hata kidogo, mstari unakatika na fundi anauona. Rangi yenyewe ya kazi hiyo ilikuwa haipatikani Shinyanga, kwa hiyo Baba alichukua rangi ya kucha ya Mama. Mama alilalamika kwamba injini inarembwa kuliko yeye. Mwenye kuichora mistari hiyo nilikuwa mimi, kwa sababu vidole vyangu vilipita mahali ambapo mkono wa Baba haukupita.

Kazi hiyo ilikuwa na amri moja tu. Baba alikaza nati kwa spana ya kupimia, akasubiri ile sauti yake ya "tak" inayosema imetosha, akaondoa mkono, kisha akasema, "Tia." Nami natia. Bila neno hilo brashi haitoki kwenye kichupa. Alinieleza mara moja tu, akiwa amechuchumaa ili tulingane macho: "Limi, nikiona nyekundu mimi sigusi tena. Ujue hivyo." Nikajua hivyo. Nilitembea shuleni nikijiona mtu mkubwa, na sikumwambia yeyote kazi yangu kwa sababu hakuna ambaye angeniamini.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lazima mlijue, maana ndilo lililofanya siku ile iwe kama ilivyokuwa. Baba alikuwa na sharti lake mwenyewe: fundi aliyefunga injini hupanda kwenye safari yake ya kwanza ya majaribio. Hakuna aliyemlazimisha. Mafundi wenzake wa Mwanza walimcheka, wakamwambia fundi ni wa chini na rubani ni wa juu. Yeye alijibu kwamba asiyeweza kupanda kwenye kazi yake asimfungie mwenzake. Kwa hiyo tulijua, mimi na Mama, kwamba Jumamosi ile injini mpya ikienda juu, Baba atakuwa ndani.

Ijumaa waliiwasha chini, ikanguruma vizuri ajabu. Lakini Baba alipochungulia akaona mpira mmoja wa kupitishia petroli unasugua mahali, na ile miwili ya oili nayo hakuipenda ilivyopinda. Jumamosi asubuhi akaifungua yote mitatu ili aipitishe njia nyingine. Mipira mitatu, kila mmoja una nati mbili, jumla nati sita. Utaratibu wake ulikuwa huu: kwanza unazungusha zote kwa vidole zikae mahali pake, kisha unarudi na spana kukaza moja moja. Ilikuwa kazi ya nusu saa, na muda ulikuwepo, kwa sababu wageni walitarajiwa saa nne.

Wageni walifika saa mbili na nusu. Alikuwa ni msimamizi kutoka makao makuu ya shirika, mama mmoja mrefu aliyevaa miwani, pamoja na dereva wake. Walikuwa na safari nyingine, alisema, kwa hiyo wangependa ndege ipae mapema kama inawezekana. Baba alijibu kutoka juu ya ngazi kwamba inawezekana. Nikaiona shingo yake ikianza kung'aa kwa jasho. Akakaza nati ya kwanza: tak. "Tia." Nikatia. Akakaza ya pili: tak. "Tia." Nikatia.

Hapo ndipo kengele ya baiskeli ilipolia nje ya banda, na Babu akaingia.

Babu huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu babu yangu, yaani ndiye aliyekuwa mzazi wa Baba aliyebaki. Alitoka upande wa Kolandoto alfajiri, akaendesha baiskeli mpaka kiwanjani kwa sababu alisikia mtoto wake atapandishwa na injini mpya, naye alitaka kushuhudia kwa macho yake. Sasa, kwetu mkubwa wa namna hiyo hasalimiwi kwa kupungiwa spana kutoka juu ya ngazi. Unashuka. Unanawa. Unamwendea, unainama, na salamu inakwenda mpaka mwisho wake.

"Mwangaluka, ng'wanawane," Babu alisema, yaani umeamkaje, mwanangu.

"Mwangaluka, baba," alijibu Baba, akiwa ameinama, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Mhola?"

"Mhola, baba, salama tu. Za huko nyumbani?"

Na za nyumbani zikaanza. Babu hakuwa mtu wa kufupisha. Aliuliza habari za Mama, za wadogo zangu, za mwalimu wangu, za mguu wa jirani yetu uliovunjika mwaka wa juzi. Akaeleza mvua ya kwao ilivyoanza na kukatika, na ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi zao. Mama mgeni aliitazama saa yake, akaitazama tena. Baba aliendelea kuitikia, nami kutoka nilipokuwa nimekaa, juu ya kisanduku kando ya injini, niliona mguu wake wa kulia ukipigapiga chini taratibu.

Mama mgeni akanisogelea.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Na wewe ndiye fundi mdogo?"

"Ndiyo."

"Unafanya nini?"

Ndugu zangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Miezi miwili nilikuwa nimelisubiri bila kujua kwamba nalisubiri. Nikamwonyesha brashi. Nikamwonyesha mistari miwili niliyoichora, jinsi ilivyonyooka. Akasema, "Hebu nione unavyofanya." Mbele yangu zilikuwa nati nne, zimekaa mahali pake, zinameremeta, na nilikuwa nimemwona Baba kwa macho yangu akizizungusha. Nilichora wa kwanza. Akasema, "Eeh, mikono mizuri hiyo." Nikachora wa pili, wa tatu, na wa nne, polepole, ulimi nje, na kila mmoja ulikuwa mzuri kuliko uliotangulia.

Baba alirudi akiwa anatembea haraka. Babu alikuwa ameshawekewa kiti cha heshima mlangoni mwa banda, kofia magotini. Baba akapanda ngazi, akachukua tochi, akamulika ndani. Alikaa kidogo akiwa amemulika. Nilingojea anyooshe mkono achukue spana iliyokuwa pembeni ya goti lake. Nilikuwa tayari hata kumcheka kwamba safari hii nimemtangulia. Akazima tochi. Akashuka, akamwashiria Kapteni Shayo aingie awashe.

Waliwasha. Injini ikashika mara moja, banda likatetemeka, na dakika tano nzima Baba alizunguka akichungulia chini kwa kila upande. Halikudondoka hata tone. Ikazimwa. Mama mgeni akapiga makofi kidogo, Babu naye akapiga kwa kuwa mgeni amepiga. Nami nikaanza kujipa moyo kwamba pengine hakuna neno. Lakini Baba alipoinua boneti na kuifunga, skrubu baada ya skrubu, nikakishika kichupa changu mfukoni mwa gauni.

Nilihesabu kichwani. Nilisikia "tia" ngapi? Mbili. Nikahesabu upya, nikijaribu kujilazimisha nisikie ya tatu. Mbili. Nikiona nyekundu mimi sigusi tena.

Mngesema ningefungua mdomo tu. Hata mimi nasema hivyo leo, nikiwa mtu mzima mwenye duka. Lakini pale alikuwepo mgeni kutoka makao makuu, dereva wake, Kapteni, na Babu aliyeendesha baiskeli tangu alfajiri aje kumwona mtoto wake akiwa fundi wa kuheshimika. Kumwambia Baba mbele yao "hukukaza" kulikuwa ni kumvua nguo. Na kusema "mimi ndiye niliyepaka bila ruhusa" kulikuwa ni kujivua mwenyewe. Nilimsogelea Baba, nikashika kitambaa cha ovaroli yake. Akaniwekea mkono kichwani bila kunitazama, akasema, "Nenda kwa Babu," kisha akapanda.

Mlango ulifungwa. Injini ikawaka tena.

Mbele ya banda na kandokando ya kiwanja chote kulikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Injini ikiwaka, hakuna mtoto wala mkubwa anayevuka mawe yale. Hiyo ilikuwa sheria kuliko sheria zote za nyumbani kwetu, kwa sababu pangaboi likizunguka halionekani, na lisiloonekana halikwepeki. Nilisimama nyuma ya mawe. Ndege iligeuka, ikaanza kwenda taratibu kwenye mwisho wa kiwanja upande wa machweo, ambako Kapteni Shayo alikuwa na kawaida ya kusimama, kugeuka na kufanya ukaguzi wake wa mwisho kabla ya kupaa. Alikuwa mtu wa pole pole. Ukaguzi wake ulichukua muda wa kwenda kuchota maji bombani na kurudi, nami nilijua kwa kuwa nilikuwa nimewahi kuupima kwa ndoo.

Nililitazama vumbi lake likienda. Nikamwona Baba kupitia kioo, upande wa kulia, amekaa wima kama yuko kwenye picha ya pasipoti.

Nikakimbia.

Sikukimbia kwa ushujaa, msinipe sifa ambayo si yangu. Nilikimbia kwa woga, na nilikuwa nalia. Nilikimbia nje ya mawe, kandokando ya kiwanja, kwenye majani makavu na mbigiri, kandambili moja ikabaki nyuma na nyingine nikaitupa. Nyuma yangu nilimsikia Babu akiita, "Shoka, Limi! Shoka!" ananiambia nirudi, kisha akaacha maneno na kubaki na "Yaya! Yaya!" ambayo ni hapana ya kwetu, ile ya kumkataza mtoto anayekaribia moto. Dereva wa mgeni alikuwa ananifukuza. Alikuwa mnene, Mungu amjalie, la sivyo angenikamata.

Mwisho wa kiwanja ndege ilikuwa imegeuka na kunitazama. Sauti ya injini ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Ukaguzi. Nilikuwa nimefika katikati tu. Kisha sauti ikapanda na haikushuka, nikaliona vumbi jeupe likifumuka nyuma ya mkia, na ile pua kubwa mpya ikaanza kuja.

Nikaruka mawe. Nilisimama katikati ya kiwanja, nikainua mikono miwili juu ya kichwa na kuipishanisha, ile alama ambayo Baba alimpa Kapteni kila alipotaka azime injini. Niliipishanisha, nikaiachanisha, nikaipishanisha. Nilifumba macho. Nikiwa nimefumba nilisikia sauti ile ikikaribia, ikajaa kifuani mwangu mpaka nikashindwa kupumua, halafu ikakohoa, ikakatika, na kilichobaki kilikuwa magurudumu yakisaga udongo.

Nilipofumbua macho, ndege ilikuwa imepinda nje ya mstari wake, bawa moja juu ya majani, umbali wa kama kutoka mlangoni kwetu hadi jikoni. Pangaboi lilikuwa linamalizia mizunguko yake. Kapteni Shayo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Baba alishuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na sikuwahi kumwona akitembea vile, kama mtu anayepita kwenye maji.

Nilijua atanipiga. Nilitamani anipige upesi, nimalize.

"Hukusema tia," nilimwambia.

Alinishika mabega yote mawili.

"Hukusema tia, Baba. Nikatia tu."

"Ngapi?"

Nikamwonyesha vidole vinne.

Alitoa bisibisi mfukoni, akaanza kufungua boneti palepale katikati ya kiwanja. Skrubu mbili zikamponyoka, zikaanguka vumbini. Sikuwahi kumwona akiangusha skrubu. Alipoifungua, joto la injini likatupiga usoni. Petroli ya ndege ile ilikuwa ya samawati, hutiwa rangi makusudi ili watu wasiichanganye na ya magari, na kwenye ncha moja ya mpira wa petroli, chini kabisa ya mstari wangu mwekundu mzuri uliokatika katikati, palikuwa na michirizi miwili ya samawati. Ilikuwa inateremka taratibu kuelekea kwenye bomba la moshi. Tulipoiwasha bandani haikuwa imevuja. Ilikuwa imengojea mtikisiko wa kukimbia kwenye udongo.

Baba aliishika nati kwa kitambaa, akasubiri ipoe kidogo, kisha akachukua mkono wangu.

"Zungusha," alisema.

Niliizungusha kwa vidole viwili. Ilizunguka kirahisi, kama kizibo cha chupa ya maji.

Gari la wageni lilikuwa limefika. Mama mgeni alishuka mbio, miwani mkononi, na dereva wake akaja nyuma anahema. Babu alikuwa bado njiani, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Mama mgeni aliuliza kuna nini, mtoto ameumia, ndege imeharibika? Nilimtazama Baba. Nilijua kwamba neno moja tu, "huyu mtoto", lingetosha kumwokoa, na lilikuwa la kweli.

Baba alisimama wima, akajifuta mikono.

"Nati nne sikuzikaza," alisema. "Kosa ni langu."

Mama mgeni akanitazama mimi, kichupa changu bado kimetuna mfukoni mwa gauni, halafu akamtazama yeye. Sijui alielewa nini. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na haikuchukua muda mrefu kuandika. Ndege ilisukumwa kwa mikono mpaka bandani. Babu aliipita, akakaa kwenye kile kiti chake, akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Jioni aliondoka bila kuaga kwa zile salamu zake ndefu.

Injini ile ilipaa Jumanne iliyofuata, na Baba akiwa ndani, baada ya kufungua na kukaza upya kila nati, hata zile ambazo hatukuwa na shaka nazo. Ilifanya kazi miaka mingi na watu wengi waliokolewa nayo. Lakini kwa mwaka mzima kila kazi ya Baba ililetewa fundi kutoka Mwanza aje kuihakiki, kijana aliyekuwa na umri wa kumwita Baba "mzee", na Baba alimshikia ngazi. Hakunipiga. Hakunigombeza. Kazi yangu ya mistari iliendelea, ila sasa alisema "tia" kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Na mimi nilikua nikiwa na siri hiyo tamu na chungu: Baba alisema uongo kwa ajili yangu, akanibebea kosa langu mbele ya watu, akala aibu yangu mwaka mzima. Nilimpenda kwa uongo huo kuliko kwa jambo lolote jingine.

Mwaka jana nilikwenda Shinyanga kumwona. Amestaafu, magoti yanamsumbua, lakini vidole bado ni vya fundi. Tulikaa uani tunabangua karanga, Mama akiwa ameenda kanisani. Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Baba, sijawahi kukushukuru kwa ile siku ya nati. Ulinibebea kosa langu."

Aliendelea kubangua. Karanga tatu, nne. Kisha akaacha.

"Sikukubebea kitu," alisema. "Niliziona."

Nilidhani sijamsikia vizuri. Akaeleza bila kunitazama. Alipomulika tochi aliona mistari sita. Miwili ilikuwa imekauka, minne ilikuwa bado inang'aa, mibichi. Rangi ya kucha inakauka dakika chache tu, na yeye alikuwa kwenye salamu robo saa. Spana ilikuwa palepale alipoiacha. Alijua, au alijua nusu, na ile nusu nyingine akaijaza mwenyewe: labda nilizikaza nikasahau. Halafu injini ilipowaka na tone halikudondoka, akajiambia unaona.

"Sasa mbona hukuzikaza, Baba?"

"Watu walikuwa wanatazama."

Nilimkasirikia. Nawaambia kweli, nilimkasirikia mpaka masikio yakapata moto, kwa miaka yote niliyobeba peke yangu mzigo ambao yeye alikuwa na ncha yake moja. Nilitaka kumwuliza angemwacha Mama na nani. Kisha nikajiona tena juu ya kile kisanduku, ulimi nje, naongeza mstari wa nne ili mama mgeni anisifie. Lilikuwa kosa lile lile moja. Mimi nililifanya nikiwa na miaka tisa na yeye akalifanya akiwa na mke na watoto wanne, na mimi siku zote nilikuwa nimedhani kwamba kuogopa macho ya watu ni jambo linalomtoka mtu akishakuwa mkubwa.

Baba alikusanya maganda ya karanga kwa viganja, akayaweka kwenye ungo. Ndipo akanitazama.

"Wewe ulikimbia," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshafunga mkanda."